Operesheni ya Pili: Mugeta hadi Suguti, na Kurudi Musoma

Wenzangu mlionitembelea tangu nirudi, mkaniletea mafuta ya kondoo ya kuchua mguu, asanteni sana. Mafuta nimeyaungia mboga. Mguu wangu ni mzima, ulikuwa mzima siku zote, na nimechoka kuulizwa habari zake. Mume wangu ndiye aliyewatangazia kwamba naumwa mguu, na simlaumu, maana alikosa neno lingine la kusema mbele za watu. Nilichougua ni kansa ya uke, upande wa nje, kwenye shavu la kushoto. Nimeandika hivyo na kalamu haijavunjika. Mmeniuliza safari ilikuwaje, basi nawasimulia, na mambo ya tiketi na vyeti nayaruka.

Mugeta

Mnajua kwetu mwanamke mwenye heshima akiumwa sehemu ile husema anaumwa chini. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nimewafundisha akina mama kusoma "mbolea" na "uzalishaji mali", lakini nilipofika kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja, nilimwambia mganga, "Nina kidonda huku chini, hakiponi." Akainua gauni langu mpaka kwenye kifundo, akakagua miguu yote miwili. Mguu wa kushoto ulikuwa na mkwaruzo wa jembe. Akauosha, akaufunga bendeji nyeupe safi. Nilirudi tena, akabadilisha bendeji. Mtu amekuhudumia kwa moyo wake wote, utaanzaje kumwambia amekosea kwa shibiri kadhaa? Msimu mzima wa palizi nilichechemea kwa heshima yake.

Kidonda chenyewe kilianza na muwasho, kikawa uvimbe, kikaanza kutoa damu kila nikikaa. Hatimaye nilikwenda Bunda kwa Nesi Bhoke, ambaye nilifundisha kisomo na dada yake. Yeye hakuniuliza chini ya wapi. Alisema, "Mama, panda kitandani, vua tuone." Akaona, akanipeleka Musoma. Huko walichukua kipande kidogo wakakipeleka Dar es Salaam, na majibu yakarudi kansa. Daktari kijana, mpole kabisa, aliutazama ukuta wakati wa kuniambia. "Ndugu, utafanyiwa operesheni. Daktari bingwa anakuja kutoka Mwanza mwisho wa mwezi. Akiondoka harudi mpaka mvua ziishe, na hicho kidonda hakitasubiri mvua ziishe."

Sasa sisi wa Mugeta operesheni tunaijua ni ipi. Ni ile ya serikali ya kutuhamishia vijijini, iliyokuja na malori, ikatung'olea mapaa, ikatupanga kwenye mistari barabarani kwamba sasa tuko kijijini. Ile operesheni ilinichukulia nyumba na choo nilichokuwa nimemaliza kukichimba. Hamu ya nyingine sikuwa nayo. Nikamwambia daktari nakwenda msalani, nikapanda basi la kurudi nyumbani.

Mkiniuliza, kisu hakikunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba sikuwahi kusikia mwanamke aliyekatwa pale akaishi. Nilikuwa na hofu iliyonikosesha usingizi na chakula. Nikajiwekea sharti: nikimwona mmoja tu kwa macho yangu, mzima, anatembea, nitarudi kwa huyo bingwa. Nisipomwona, nitabaki kwangu na bendeji yangu ya mguu.

Kwenda Bunda, juu ya pamba

Nesi Bhoke aliniletea ujumbe niende, amepata habari. Lori la ushirika lilikuwa linapeleka pamba kiwandani Bunda, na dereva alinipa heshima ya kukaa mbele. Nikaangalia kiti kile. Springi zilikuwa zimetoboa ngozi. Nikasema hapana, nitapanda juu na wenzangu, nikalala kifudifudi juu ya magunia ya pamba. Njia nzima nilisikia watu wakinisifu kwamba mwalimu huyu hana makuu, kiti amepewa akakikataa, viongozi wangekuwa hivi nchi ingefika mbali. Katibu wa tawi, aliyekuwa amekaa mbele, alishuka kwenye pancha ya kwanza akapanda naye juu ili asionekane bepari.

Pancha zilikuwa mbili. Ya pili ilitukalisha porini hadi jua likaanza kuteremka, dereva akitafuta gundi. Mama mmoja alikuwa na michembe, viazi vikavu amevichemsha na karanga, akatugawia sote. Nilikula nimesimama. Katibu naye akala amesimama, akaeleza kwamba kusimama kunasaidia chakula kushuka.

Nesi Bhoke alinipokea mlangoni. "Mama, kuna mtu nilisikiaga habari zake," akasema. "Mama mmoja wa Butiama, anaitwa Nyabweke. Alikuwaga na donda ndugu huko chini, wakamkata, akapona. Mpaka leo analima."

"Chini?"

"Ndivyo walivyoniambia. Chini."

Tukatazamana. Hakuna aliyeuliza zaidi. Enzi hizi kila mtu ni ndugu, hata donda, na ndugu huyo hakuna anayetaka kujua anakaa wapi.

Butiama, kwa waliofanyiwa

Basi la Bunda lilikuwa na nafasi ya kukaa, nikampa mzee mmoja. Baadaye akashuka, nikampa mwingine. Nilipofika njia panda nilikuwa nimebarikiwa na wazee wawili, miguu imevimba kwa kusimama, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naumwa mguu kweli.

Nikatembea hadi kijijini, nikakuta akina mama kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Nikawasalimu, nikasema, "Namtafuta mama aliyefanyiwa operesheni."

Wakaangaliana. "Yupi sasa?" mmoja akauliza. "Hapa sote tumefanyiwa."

"Mimi walinifanyia mara mbili," akadakia mzee aliyekuwa amekalia debe lake la mtama. "Ya kwanza walinipeleka upande ule, wakaona wamekosea, wakanirudisha upande huu. Mbuzi zangu mpaka leo zinalalaga kule."

"Siyo hiyo, mzee. Ya hospitali."

"Wewe ni wa hospitali?" Sauti yake ikabadilika. "Basi waambie zahanati walituahidi tukihama. Tumehama. Iko wapi?"

Ikabidi nisikilize malalamiko ya zahanati, ya bomba la maji, na ya mwalimu mkuu anayelimisha watoto shamba lake. Nilitikisa kichwa panapostahili. Wakaniitia uji wa ulezi, wakaniletea kiti, nikasema nina nadhiri ya kutokaa. Kumbe huko nadhiri wanaiheshimu sana. Mama mmoja akaniomba nimwombee mwanawe aliye jeshini.

Ni mashine iliponyamaza ndipo mama mwenye unga hadi kwenye kope aliponivuta pembeni. "Unamtafuta wa donda ndugu? Nyabweke? Huyo watu walipohamishwa alisema kama ni kuhama basi anahamia kwao, Suguti. Njia mimi siijui. Ila yuko mama anauzaga dagaa Musoma, pale Mwisenge, Mama Nyanjura. Naye alikujaga hapa kumwulizia, mwaka juzi. Alimfikia. Atakuelekeza."

Sikujiuliza Mama Nyanjura alimtafuta Nyabweke kwa shida gani. Nilidhani ni mambo ya dagaa.

Mwisenge, juu ya ngata

Mama Nyanjura ni mwanamke mrefu, sauti nzito, mikono inanukia ziwa. Nilimkuta anaanua dagaa. Nikamwambia nimetoka Mugeta, namtafuta Nyabweke wa Suguti. Akaniangalia usoni, akaniangalia nilivyosimama nimeegemea upande mmoja, akasema, "Ingia ndani, dada. Suguti hakukimbii."

Ndani akachukua ngata, ile pete ya nguo tunayoweka kichwani kubebea mtungi, akaiweka kwenye kigoda kabla sijafika. Ilikuwa ngata kubwa ajabu. Hakuna kichwa cha binadamu ambacho ingekitosha. Nikakaa juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu mvua za vuli nilikaa bila kuuma meno, maana kidonda kilibaki katikati, hakigusi kitu. Nilishukuru Mungu, nikawaza kwamba watu wa Musoma wana desturi nzuri ya kukaribisha wageni.

Tulikula ugali wa muhogo na samaki mbichi wa ziwani, ngege, wa kuchemsha. Aliniuliza habari za pamba, nikamwuliza habari za bei ya dagaa. Mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Nami nilitaka kumwuliza kama huyo Nyabweke amepona kweli, nikaishia kuuliza kama Suguti kuna mbu. Akasema wapo. Tuliongea kuhusu mbu kwa muda mrefu kuliko mbu wanavyostahili.

Asubuhi akanipeleka kwenye lori la Majita, linalopitia Suguti. Bingwa wa Mwanza alikuwa ameshafika mjini, kila mtu sokoni alikuwa anajua. "Ukimkuta Nyabweke," akasema, "mwambie Mama Nyanjura anakusalimu. Halafu urudi upesi. Usikae huko ukapoteza siku."

Suguti, baada ya baiskeli

Lori lilituacha mbali kidogo na mto, barabara imeliwa na maji. Kijana mmoja aliyekuwa na baiskeli akajitolea kunibeba kwenye karia. Nikaiangalia karia ile, nyuzi za chuma tupu, nikasema asante nitatembea. Akasema si pesa, ni msaada. Nikasema najua, nitatembea tu. Akasimama na baiskeli yake.

"Mama, kama ni kwa sababu ya kabila sema."

"Siyo kabila, mwanangu."

"Maana na nyinyi wa bara huko mna dharau. Tumeambiwa Watanzania sote ni kitu kimoja."

"Ni kitu kimoja. Mimi nina nadhiri."

Ile nadhiri ya Butiama haikufanya kazi Suguti. Alitembea pembeni yangu njia nzima, akisukuma baiskeli, akinihubiria umoja wa taifa, nami nikijikokota huku damu inashuka pajani. Nilimwona ni adui wa pekee niliyebaki naye duniani. Alinifikisha mpaka mlangoni kwa Nyabweke, akakataa hata maji.

Nyabweke alikuwa uani anamenya muhogo, bibi mnene mwenye uso wa kucheka. Magongo mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. Nikayaona magongo. Nikamtazama. Gauni lake upande wa kulia lilikuwa limelala chini tupu kuanzia gotini.

Donda ndugu. Chini. Walimkata.

Nilikaa hapohapo mchangani, kidonda na yote, nikaanza kulia, katikati ya kulia nikacheka, nikalia tena. Yeye aliendelea kumenya. Aliponiona nimechoka akasogeza kibuyu cha maji.

"Wewe ni wa tatu," akasema. "Mnafikaga hapa, mnaniangalia hii mguu, halafu mnalia. Wa kwanza nilidhani ananililia mimi. Nikamwambia, mama, mguu ulishaenda zamani, usijisumbue."

"Na wao walikuwa na..." Sikumaliza.

"Walikuwa na ya kwako. Mbele huko." Akaonyesha kwa kisu, bila aibu yoyote, kama anayeonyesha muhogo ulipooza. "Mimi siijui hiyo ugonjwa. Mimi nilichomwaga na mwiba tu, mguu ukaoza. Lakini kwa sababu watu mnasemaga chini, chini, basi mnaletwaga kwangu. Nimekuwa balozi wa mashina yote ya chini."

Nikamwuliza wale wawili waliishia wapi.

Akaweka kisu. "Wa kwanza alitoka hapa akasema kumbe hakuna aliyepona, akarudi kwao. Kaburi lake liko Majita, nilienda kuzika. Wa pili nilimwambia, nenda, hata kama hakuna aliyepona, uwe wewe. Akaenda akakatwa. Yuko mzima. Anauzaga dagaa Mwisenge."

Nilikuwa nimekalia ngata yake.

"Anakusalimu," nikasema.

"Ulilala kwake na hakukuambia?"

"Tuliongea habari za mbu."

Nyabweke alicheka mpaka muhogo ukamwanguka.

Kurudi Musoma, mto ukiruhusu

Mto haukuruhusu. Mvua ilinyesha, maji yakapanda, magari yakalala upande huu na upande ule. Tuliosubiri tulikuwa wengi, tukahutubiwa na bwana mmoja wa wilaya kuhusu kujitegemea, kisha akatuomba tumsukumie Landrova yake. Nilihesabu siku za bingwa kwa vidole, nikazihesabu tena. Niliwachukia wote, bwana wa wilaya, mto, na Mama Nyanjura zaidi, kwa sababu angenifungulia mdomo wake mara moja tu nisingekuwa pale. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi sikumwambia kitu. Wawili tumekaa nyumba moja na ugonjwa mmoja, kila mtu anamstahi mwenzake hadi kaburini.

Maji yalipopungua tulivuka tumeshikana mikono. Nilifika Mwisenge nimelowa hadi kilemba. Mama Nyanjura alikuwa mlangoni, nadhani kila lori la Majita alilitokea.

"Umemwona," akasema.

"Nimeuona mguu."

Akaangalia chini. "Nilikuonaga unavyokaa, dada. Nilitaka kusema, mdomo ukagoma. Hapa mtaani wanajua nilikatwa figo. Hata mama yangu anajua figo. Nimesema figo mpaka nikawa naamini. Nilikutuma kwa Nyabweke kwa sababu yeye hana aibu, atakuambia badala yangu. Nisamehe."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Yakapotea yote. "Nionyeshe," nikasema.

Nyuma ya nyumba ana bafu la mabati. Tukaingia wote wawili, akaegemeza ndoo mlangoni, akafungua khanga. Nikachuchumaa nikatazama, mchana kweupe. Kuna kovu refu, limekauka, limenyooka. Upande mmoja umesawazika. Nilikuwa nimewaza shimo. Miezi yote ile, kila nikifumba macho, naona shimo. Hapakuwa na shimo, palikuwa na ngozi ya mtu mzima aliyeoga. Nikalia kwa furaha, sijui kama niliwahi kufurahi hivyo hata siku ya harusi yangu.

Basi maswali yakafunguka. Mkojo unatokaje? "Unatoka. Mwanzo unarukaga pembeni, unajifunza kuinama." Maumivu? "Yapo, yanapungua. Maji ya chumvi kila siku." Na baba Nyanjura? "Aliniogopa muda mrefu. Alikuwa analala kwenye mkeka. Sasa amerudi kitandani. Siyo kama zamani, nisikudanganye. Lakini tunaongea sana kuliko zamani." Niliuliza na mengine ambayo siyaandiki, na alijibu yote. Tulitoka bafuni vidole vimekunjamana kwa maji ya mvua yaliyokuwa yanatuvujia.

Tukaenda hospitali mguu kwa mguu. Bingwa alipaswa awe ameshaondoka. Lakini mvua ileile iliyonifungia Suguti ilikuwa imelifungia gari lake Musoma, na alikuwa amenuna barazani, sanduku liko miguuni. Ni mtu mfupi, hana maneno mengi. Alinipima, akasema nimechelewa, akasema bado hatujachelewa sana, akaomba chumba kitayarishwe. Nesi akauliza nani ndugu wa mgonjwa. Mama Nyanjura akajibu kabla yangu.

"Mimi. Nilikatwa palepale."

Alisema kwa sauti yake ile nzito, korido nzima ikageuka. Nikamshika mkono.

Wodini

Ya kukatwa siyajui, nililala. Ya kuamka nayajua, na sitawatisha nayo. Nililala miguu imetanuliwa siku nyingi, nikaletewa uji na supu ya ngege, nikajifunza kutembea kama bata. Mume wangu alikuja, akasimama mbali, akaangalia dirisha. Mama Nyanjura akamchukua nje, sijui alimwambia nini. Aliporudi alikaa kitandani, akaniuliza kama naumwa, akalitaja jina la mahali penyewe. Alilitaja vibaya, kwa kunong'ona, lakini alilitaja.

Bingwa kabla ya kuondoka aliniambia amekata chote alichokiona. Asichokiona ndicho tutakachokuja kukiangalia kila atakaporudi. Nikamwuliza Mama Nyanjura kama naye bado anakuja kuangaliwa. "Naendaga," akasema. "Na kila nikienda naogopaga kama siku ile ya kwanza." Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimesafiri kote kule kumtafuta mtu aliyemaliza kuogopa.

Siku chache kabla ya kuruhusiwa, waliingiza mwanamke kutoka upande wa Tarime, mdogo kuliko mimi, anaitwa Nyangi. Alilala ameelekea ukutani, khanga imefunika kichwa. Kadi yake sikuisoma. Nilimjua kwa jinsi alivyopanda kitandani. Nilimwacha hadi wageni walipotoka, nikajikokota mpaka kwake, nikamwambia ninaumwa nini na wamenikata wapi, kwa jina lake, siyo chini.

Hakugeuka. Akauliza kutoka ndani ya khanga, "Imeisha?"

"Daktari hajui. Na mimi sijui."

"Unaogopa?"

Nilifikiri nimpe jibu zuri, lile ambalo mimi mwenyewe nililifuata hadi Suguti. "Naogopa," nikasema. "Kila siku."

Akafunua uso. "Afadhali," akasema. Akajisogeza hadi ukutani, akaniachia nusu ya kitanda.